Panda Kadutu peke yako

Wandugu, kama unapenda muji wetu Bukavu, siku moja panda soko ya Kadutu peke yako, bila haraka. Mukiwa wawili mutaongea tu. Ukiwa peke yako, macho inafanya kazi.

Kwanza, angalia vitu vinatoka wapi. Muchele wa kwetu unatoka bonde la Ruzizi, nanasi zinavuka ziwa toka Idjwi. Sambaza nayo haikuwa ya Kivu: ilitolewa ziwa Tanganyika na kutiwa huku karibu mwaka 1959. Meza za muchele zikipungua, uliza bamama: ni msimu, ao barabara ya Uvira iko na shida?

Kiisha, angalia kipimo. Kwenye masomo tulihesabu kilo na hekta. Sokoni maharagi inauzwa kwa gigozi, ile kopo ya maziwa. Beyi inaweza kubaki ileile, lakini kile kilima cha maharagi juu ya kopo kinashuka. Kwa nyumba yenye watoto wengi, huo mukono mumoja ni sahani ya mutu.

Mutu wa kilimo asiyetembea soko atajua mavuno, lakini hatajua nani analala njaa. Salimia, nunua kitu kidogo, endelea.