Kabla ya kukopa, pima madeni yako kwa kipato chako

Afisa mikopo akikuuliza unaingiza kiasi gani na unadaiwa wapi, anataka kujua ni sehemu gani ya kipato chako tayari inasubiriwa na wadai wengine. Kipimo hicho huitwa uwiano wa deni na kipato. Unaweza kujipima mwenyewe kwa kikokotoo cha simu kabla hujafika ofisini.

Hesabu yenyewe

Jumlisha marejesho yako yote, gawanya kwa kipato chako, kisha zidisha kwa 100. Mwenye mshahara hupima kwa mwezi. Mkulima apime kwa mwaka, kwa kuwa fedha yake huja kwa msimu.

Tuchukue mfano. Mkulima anauza magunia 40 ya mahindi kwa shilingi 60,000 kila moja, anapata 2,400,000. Mbegu, mbolea na vibarua vimechukua 1,000,000, hivyo anabaki na 1,400,000. Kuku, baada ya kutoa gharama za kuwalisha, humpa 50,000 kwa mwezi, sawa na 600,000 kwa mwaka. Kipato chake ni 2,000,000.

Kila mwezi anarejesha 30,000 VICOBA na 10,000 za mkopo wa simu. Kwa mwaka ni 480,000, yaani asilimia 24.

Sasa anataka mkopo wa kurejesha 100,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Marejesho yote yatafika 1,680,000, asilimia 84. Atabaki na 320,000 za kuendesha nyumba mwaka mzima. Tena kabla ya mavuno ana 50,000 tu za kuku kwa mwezi, na 40,000 zina wenyewe. Rejesho litakosekana mapema, na shamba au ng'ombe aliyewekwa dhamana ataingia hatarini.

Kiasi gani kinabebeka?

Kila mkopeshaji ana kiwango chake. Kwa mtumishi wa umma Tanzania, baada ya makato anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara. Mkulima anategemea mvua na bei ya soko, kwa hiyo tunamshauri awe mwangalifu zaidi: marejesho yasizidi theluthi moja ya kipato. Mkulima wetu ana nafasi ya kuongeza marejesho ya kama 180,000 tu kwa mwaka.

Ukikuta uwiano ni mkubwa

Maliza kwanza deni dogo, au omba kiasi pungufu. Uliza kama unaweza kurejesha baada ya mavuno. Kurefusha muda hupunguza rejesho la kila mwezi, lakini mara nyingi huongeza riba, basi uliza jumla utakayolipa.

Usifiche deni. Taasisi za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu huweka kumbukumbu za wakopaji, na mkopeshaji anaweza kuziangalia. Kumbuka pia uliowadhamini: mwenzako akishindwa kulipa, utadaiwa wewe.