Safari za Majini katika Mto Kagera

Mtoto wa Ngara ashukaye kuteka maji katika mto Ruvubu, pengine hudhani kwamba maji yale ni ya kwao tu. Sivyo. Maji yale ni msafiri, na safari yake ni ndefu kuliko safari ya mtu yeyote katika nchi hii. Na tuyafuate kwanza kwa mawazo. Kisha tuulize kama mtu aweza kuyafuata kwa mtumbwi.

Kusini mwa Burundi, mahali paitwapo Rutovu, pana chemchemi ndogo. Mwaka 1937 Mjerumani mmoja, jina lake Burkhart Waldecker, aliitambua kuwa chanzo cha mto Naili kilicho kusini kuliko vyote, na mwaka 1938 pakajengwa juu yake mnara mdogo wa mawe, mfano wa piramidi za Misri. Maji ya huko hufika mto Ruvyironza, na Ruvyironza huingia Ruvubu. Ruvubu hupita katika wilaya ya Ngara, kisha karibu na Rusumo hukutana na mto utokao Rwanda. Mito hiyo miwili ikiisha kuungana, huwa mto mmoja mkubwa, nao ndio Kagera. Kagera huelekea kaskazini kati ya Tanzania na Rwanda, hugeuka mashariki, hupita Kyaka, na mwisho humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, upande wa Uganda. Katika mito yote iingiayo ziwa hilo, hakuna ulio mkubwa kuliko huu. Kutoka ziwani maji hutokea Jinja, yakawa Naili, yakapita Sudani na Misri mpaka Bahari ya Mediterania.

Basi, kama maji yafika mbali hivyo, kwa nini watu wa Ngara hawapakii mizigo yao mitumbwini na kwenda nayo mpaka ziwani? Jambo hili lina sababu zake, na wazee walizijua zamani. Jina la Ruvubu latokana na neno la wenyeji, imvubu, maana yake kiboko. Na jina la Rusumo latokana na isumo, maana yake maporomoko ya maji. Waliotoa majina hayo walikuwa wakiwaonya wasafiri.

Katika nchi hii mtumbwi umekuwa chombo cha kuvukia zaidi ya kuwa chombo cha kusafiria. Mtumbwi wa kale huchongwa katika gogo moja. Fundi huchimba moyo wa mti kwa tezo, naye huacha kitako kiwe kinene kuliko mbavu, ili uzito ukae chini. Penye maji mengi huendeshwa kwa kafi. Penye maji machache husukumwa kwa pondo, yaani mti mrefu unaokita chini ya mto. Mvukishaji haelekezi mtumbwi moja kwa moja ng'ambo. Huanza juu kidogo ya mahali anapotaka kufika, kwa maana anajua kwamba, wakati yeye akivuka, mkondo nao unamchukua.

Wakati wa kujihadhari zaidi ni vuli. Mvua zianzapo baada ya kiangazi, mwezi wa Septemba au Oktoba, vijito vya milimani hujaa kwa ghafula, vikaleta udongo, matawi na magogo. Lakini Kagera wenyewe haujai upesi hivyo. Kandokando yake pana mabwawa makubwa ya mafunjo, nayo hunywa maji ya mvua kama sifongo, kisha huyatoa polepole. Kwa hiyo mvua iweza kukatika na mbingu kuwa nyeupe, na huku mto ukiendelea kupanda. Mtu atazamaye mbingu tu, asiutazame mto, hujiponza. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Haya ndiyo mambo ayaangaliayo mvukishaji mwema. Kwanza, hapakii watu kupita kiasi, hata wakimsihi na kumwongezea nauli. Maana mtumbwi uliozama karibu na ukingo wake hujazwa na wimbi dogo tu. Pili, mizigo mizito huiweka chini katikati, na watu huwaketisha. Mtu asimamapo, uzito hupanda juu na mtumbwi hupinduka. Tatu, havuki saa za alfajiri wala za magharibi mahali penye viboko, kwa kuwa saa hizo viboko hutoka majini kwenda malishoni au hurudi, na kiboko aliyezibiwa njia yake hushambulia. Nne, haruhusu mtu kutumbukiza mkono wala mguu majini, kwa ajili ya mamba.

Sasa tuseme mtu amejihadhari na hayo yote, naye ataka kuufuata mto wenyewe. Atakutana kwanza na mafunjo. Majani haya hushinda kimo cha mtu, nayo huota kwa wingi hata ukingo usionekane. Tena vipande vya mafunjo hung'oka pamoja na mizizi yao, vikaelea kama visiwa na kuziba njia. Henry Stanley aliyaona hayo mwaka 1876. Alikuwa na mashua iitwayo Lady Alice, iliyotengenezwa vipande vipande, na wapagazi waliichukua kutoka pwani mpaka ziwani, na baadaye mpaka Karagwe. Kwa idhini ya Rumanyika, mfalme wa Karagwe, Stanley alitembea kwa mashua hiyo katika mto Kagera, akafika ziwa Ihema, ambalo leo limo katika nchi ya Rwanda. Maji aliyapata mengi. Lakini pande zote mbili aliona mafunjo.

Kizuizi cha pili ni kikubwa zaidi. Pale Rusumo mto hubanwa katikati ya miamba, ukaanguka kiasi cha mita 15 kwa kishindo. Hakuna mtumbwi uwezao kushuka hapo salama, wala kupanda. Mbele tena, kwenye mpaka wa Uganda karibu na Murongo, mto hukimbia juu ya mawe. Ziwa Viktoria liko chini ya Rusumo kwa zaidi ya mita 150, na maji hayana budi kushuka kimo hicho chote. Penye mteremko mdogo hutambaa, na penye mteremko mkali huruka. Ndiyo maana watu wa Biharamulo, walipotaka njia ya maji, hawakuutegemea mto, bali waliiendea bandari ya Nyamirembe ziwani, ambayo leo imo katika wilaya ya Chato.

Je, watu wa nchi nyingine wamefanyaje walipokutana na shida kama hii? Tutazame ng'ambo ya bahari ile ile ipokeayo maji yetu. Kusini mwa Ufaransa uko mfereji uitwao Canal du Midi, wenye urefu wa kilomita 240. Ulichimbwa kwa mikono, wakati wa mfalme Louis wa 14. Msimamizi wake alikuwa Pierre-Paul Riquet, mtoza kodi ya chumvi. Amri ya mfalme ilitolewa mwaka 1666, na mfereji ulifunguliwa mwaka 1681. Riquet mwenyewe hakuiona siku ile. Alikufa mwaka 1680, imebaki miezi michache tu.

Mfereji huo hupanda kilima na kushuka upande wa pili. Maji hayapandi kilima. Basi mashua hupandaje? Siri yake ni vyumba vya maji. Fikiri chumba cha mawe kisicho na paa, chenye malango mawili, moja upande wa chini na moja upande wa juu. Mashua huingia kwa lango la chini, nalo hufungwa nyuma yake. Kisha hufunguliwa tundu katika lango la juu. Maji huingia kwa uzito wake yenyewe, chumba kikajaa, na mashua ikainuka pamoja nayo. Maji ya chumbani yakiwa sawasawa na maji ya juu, lango la juu hufunguliwa, mashua ikaendelea na safari. Ikitaka kushuka, hufanywa kinyume chake. Karibu na mji wa Béziers vilijengwa vyumba 8 vifuatanavyo kama ngazi, na kimo chake chapita mita 20. Yaani mashua huko zilipanda kimo kilichozidi maporomoko ya Rusumo.

Lakini kila mashua ipitapo, maji ya chumba kizima hushuka, wala hayarudi. Kwa hiyo juu ya kilima hapana budi kuwe na maji yasiyokoma. Hapo ndipo Riquet alipoonyesha akili yake. Alikusanya vijito vya milima iliyo karibu, akajenga bwawa kubwa la Saint-Ferréol, akayaongoza maji mpaka kileleni mwa mfereji. Zamani mashua zilivutwa na farasi waliotembea ukingoni. Siku hizi shehena hupita kwa reli na barabara, na mashua za mferejini huchukua watu wa matembezi. Wengi hupenda kusafiri wakati wa vuli ya huko, Septemba na Oktoba, zabibu zinapochumwa na majani ya miti yanapoanguka juu ya maji. Majira ya baridi yakija, sehemu za mfereji hufungwa ili zitengenezwe.

Rusumo hapakujengwa vyumba vya namna hiyo. Watu wametumia akili kwa njia nyingine. Nguvu ile ile inayouzuia mtumbwi sasa inafanya kazi: maji hupitishwa katika njia ya chini ya ardhi, yakazungusha mitambo ya umeme yenye uwezo wa megawati 80, nao umeme hugawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Juu ya mto lipo daraja, na daraja jipya lilizinduliwa mwaka 2016. Thamani ya daraja ilionekana zamani kabla ya hapo. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji makuu ya Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja, wakaingia Ngara kutafuta kimbilio. Mto uliokuwa ukuta kwa wasio na chombo, watu hao waliuvuka kwa miguu.

Ninyi mkaao karibu na Kagera na Ruvubu, jifunzeni neno hili. Mungu ameyapa maji desturi yake, nayo hayaiachi: hushuka daima. Asiyeijua desturi hiyo huzama. Aijuaye huvuka salama, hupandisha mashua mlimani, na huwasha taa usiku. Basi mtakapokuwa wakubwa, na mvukishaji akiwaambia, "Subirini, mtumbwi umejaa," msimkasirikie. Ketini ukingoni mkangoje zamu yenu.

MASWALI

1. Taja nchi ambazo maji ya Ruvubu hupita kabla ya kufika Bahari ya Mediterania.
2. Kwa nini mto Kagera huendelea kujaa hata mvua ikiisha kukatika?
3. Eleza jinsi mashua ipandavyo katika chumba cha maji.
4. Kwa nini Riquet alihitaji bwawa la maji juu ya kilima?
5. Ni mambo gani manne ayaangaliayo mvukishaji mwema? Toa sababu ya kila moja.