Ishirini na Sita Mbili Tofauti: Gurudumu la Baiskeli Kibera na Kawangware

Saizi ya gurudumu la baiskeli huandikwa ubavuni mwa tairi, na mara nyingi huandikwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya inchi, ile inayotajwa mitaani: ishirini na sita, ishirini na nane. Ya pili ni ya milimita, kwa mfano 50-559. Hapo 50 ni upana wa tairi, na 559 ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia. Hii ya pili hufuata kipimo cha kimataifa cha ISO 5775, na ndiyo ya kuaminika.

Inchi hudanganya kwa sababu ya asili yake. Zamani zilipima kipenyo cha gurudumu zima, tairi likiwa limejaa upepo. Tairi nene lilihitaji rimu ndogo ili kufikia inchi 26, na tairi jembamba lilihitaji rimu kubwa zaidi. Matairi yakabadilika, majina yakabaki. Leo ishirini na sita ya baiskeli ya mlimani ina rimu ya milimita 559, ilhali 26 x 1⅜ ya baiskeli za Kiingereza za zamani ina rimu ya 590. Tofauti ni milimita 31. Hakuna fundi atakayeivalisha rimu moja tairi la nyingine, hata akitumia vijiko vyote vya kuvalishia tairi alivyo navyo. Ishirini na nane nazo ni vivyo hivyo. Ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, 28 x 1½, ni 635. Ya baiskeli nyingi za Ulaya za kisasa ni 622. Kichekesho ni kwamba ile iitwayo ishirini na tisa ni 622 pia: rimu ni ileile, tairi tu ndilo limenenepa.

Katika mitaa ya Nairobi kama Kibera na Kawangware, ambako baiskeli ya mtumba kutoka ng'ambo hukutana na Black Mamba, jambo hili hugusa mfuko moja kwa moja. Baiskeli ya bei poa yenye rimu ya 590 inaweza kumfanya mwenyewe azunguke mji mzima akisaka tairi, ilhali tairi la 559 ni rahisi kulipata.

Baada ya namba huja kazi. Gurudumu kubwa hupita juu ya shimo ambamo dogo lingezama, na likishashika kasi huitunza. La Black Mamba husonga mbele takriban mita 2.25 kila linapozunguka, na kwa desturi ya baiskeli hizi lina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Ndiyo maana baiskeli hiyo hubeba mizigo ambayo nyingine ingepinda rimu. Mitungi miwili ya maji ya lita 20 ni kilo 40 tayari, kabla ya kuhesabu mwendeshaji. Ila ina gia moja, na uzito wake si haba. Kwenye miteremko ya Kibera kuelekea Bwawa la Nairobi, kushuka huhitaji breki nzuri, na kupanda mara nyingi ni kusukuma kwa mikono.

Kwa vichochoro vyenye ngazi, mitaro iliyo wazi na matope ya masika, ishirini na sita yenye tairi nene hufaa zaidi. Spoku zake ni fupi, hivyo gurudumu ni imara. Hukata kona kwa wepesi, na baiskeli yenyewe ni rahisi kuinuliwa begani. Anayetoka Kawangware kila asubuhi kwenda kazini Lavington au Kilimani, njia nzima ikiwa lami, atafaidika na 622 yenye tairi jembamba.

Kimo cha mtu mzima hakiamui gurudumu kama wengi wanavyodhani. Kinachoamua ni fremu: akisimama amepanua miguu juu ya bomba la juu la fremu, nafasi ibaki angalau sentimita mbili au tatu, na zaidi kwenye njia mbovu. Akiwa kitini, goti libaki limekunjwa kidogo pedali inapofika chini. Hata hivyo, kwa mtu mfupi sana gurudumu kubwa huleta taabu, kwani vidole vya mguu vinaweza kugusa tairi la mbele anapokata kona.

Kwa mtoto, gurudumu na kimo huenda pamoja. Inchi 12 hutosha mtoto wa kimo cha takriban sentimita 85 hadi 100, 16 hadi 115, 20 hadi 130, na 24 hadi 145. Kipimo bora ni cha mguu wenyewe: akikaa kitini, nyayo zifike chini. Kumnunulia kubwa ili aikulie ni uchumi wa uongo, kwa kuwa hawezi kusimama salama akipiga breki. Watoto wanaopitisha mguu ndani ya fremu ya Black Mamba ya baba huendesha, ndiyo, lakini wamepinda mgongo na hawafikii vizuri breki.

Kabla ya kulipa, matope yafutwe ubavuni na namba zisomwe kwenye matairi yote mawili, maana si ajabu la mbele na la nyuma yakatofautiana. Zikiwa zimefutika, tairi kuukuu libebwe mkononi hadi dukani na lilinganishwe na jipya. Kubadili saizi ya rimu ili kukwepa tatizo hakusaidii sana: raba za breki hazitaifikia tena rimu mahali pake.