Kuku wa uani na dubu wa Montana (Sehemu ya Pili): Banda imara halitoshi

Wiki iliyopita tuliona jinsi kufuga kuku wachache uani kulivyorudi kuwa jambo la kawaida katika miji ya Marekani, hata ile iliyo chini ya Milima ya Rocky. Leo tunaingia kwenye shauri lenyewe, yaani dubu. Hoja yangu ni kwamba anayefuga kuku mahali penye dubu amebeba dhamana ya viumbe wawili, kuku na dubu, na dhamana hiyo haitimizwi kwa banda imara wala kwa bunduki, bali kwa uzio wa umeme uliofungwa sawasawa kabla dubu hajaonja kitu. Naizungumzia Montana kwa sababu ndiko jambo hili lilikochunguzwa kwa kina, na pia kwa sababu wapo wasemaji wa Kiswahili huko: kuanzia 2016 mji wa Missoula ulipokea wakimbizi, wakiwemo wa kutoka Kongo. Aliyekulia kwetu anawajua kicheche, nguchiro na mwewe, na kinga zake anazijua. Kwa dubu, kinga hizo hazifui dafu.

Mwanzoni mwa karne ya 19, dubu wa kahawia aina ya grizzly walikadiriwa kufikia 50,000 katika nchi ambayo leo ni Marekani, Alaska ikiachwa kando. Risasi, mitego na sumu viliwamaliza hata wakabaki mamia tu, na mwaka 1975 wakawekwa chini ya ulinzi wa sheria ya shirikisho ya viumbe walio hatarini kutoweka. Leo wanakadiriwa kuwa kama 2,000, na takriban nusu yao wako kaskazini-magharibi mwa Montana. Dubu weusi, ambao ni wadogo kidogo, ni wengi zaidi na wameenea majimbo mengi. Dubu wanapoteremka tena kwenye mabonde yao ya zamani, wanakuta nyumba, na nyuma ya nyumba wanakuta mabanda. Ndiyo maana maofisa wa wanyamapori wa Montana kwa miaka kadhaa sasa wamekuwa wakiwataja kuku miongoni mwa visababishi vikuu vya migogoro kati ya watu na dubu.

Dubu hana kisasi na kuku. Anachotafuta ni shibe itakayomvusha majira ya baridi, kwa maana hulala miezi kadhaa bila kula na anaweza kupoteza hata theluthi ya uzito wake. Kuanzia mwishoni mwa kiangazi hula kama aliyepagawa, na katika kilele cha msimu huo anaweza kuhitaji kilokalori 20,000 kwa siku. Msituni hiyo ni kazi ya kutwa kucha: mizizi, mabuu, na beri zinazochumwa kwa ulimi makumi ya maelfu. Sasa mlinganishe na gunia moja la chakula cha kuku wa mayai, la kilo 23 hivi. Ndani yake mna zaidi ya kilokalori 60,000, chakula cha siku tatu za ulafi wake, tena kimesagwa na kuwekwa mahali pamoja. Mayai, kuku wenyewe na mzoga uliotupwa kwenye lundo la mbolea ni nyongeza tu. Kwa pua ya dubu, ambayo ni miongoni mwa pua kali kuliko zote za wanyama wa nchi kavu, ua huo unajitangaza kutoka mbali sana.

Hapo ndipo banda linaposhindwa. Wavu wa kuku ulibuniwa kuzuia kuku wasitoke, na ukisukwa vizuri humzuia kicheche asiingie. Dubu dume mwenye kilo 200 au zaidi huutia kucha na kuuvua kwenye mbao. Mlango wa komeo huuegemea mpaka bawaba zing'oke. Mfugaji huongeza misumari na mbao nene, na usiku ukiwa mrefu dubu hushinda, kwa sababu muda anao na kazi yenyewe ina malipo. Mbao hupima nguvu zake. Hazimfundishi kitu.

Uzio wa umeme unafundisha, na namna unavyofundisha inafaa ieleweke, maana nyingi kati ya nyuzio zinazolaumiwa zilifungwa vibaya. Mashine ya uzio hutuma mapigo mafupi mno ya umeme, moja kwa sekunde hivi, na pigo linalofaa kwa dubu ni la volti 6,000 na kuendelea. Manyoya ya dubu ni kinga nzuri ya umeme. Pua yake yenye unyevu sivyo, na kila kitu kigeni dubu hukichunguza kwa pua au kwa ulimi. Basi waya lazima ziwe mahali pua inapofika: tano au zaidi, ya chini kabisa isizidi sentimita 20 kutoka ardhini, zinazofuata ziachane kwa kama sentimita 20 hadi 25, na ya juu ifike kiunoni mwa mtu. Lango nalo lazima lichajiwe, kwa kuwa dubu hatafuti nguzo, anatafuta upenyo. Kosa la kawaida ni ethi. Umeme haumpigi mnyama mpaka mzunguko ukamilike kupitia ardhi na kurudi kwenye chuma cha ethi kilichozamishwa udongoni, na udongo mkavu wa Agosti hupitisha umeme kwa shida. Dawa ni kupishanisha waya za moto na waya za ethi, ili dubu anayejipenyeza katikati aziguse zote mbili. Majani yakiachwa yaote hadi kugusa waya, nguvu huvuja, na mfugaji asiyepima kwa kipimo cha volti hulala usingizi akilindwa na waya mtupu.

Msomaji wa Kenya hatashangaa kwamba waya mwembamba unaweza kumrudisha mnyama mwenye nguvu za kuubomoa. Uzio wa Aberdare, ulioanza kujengwa 1989 na kukamilika 2009 ukiwa na urefu wa kama kilomita 400, hutumia kanuni hiyo hiyo kwa tembo. Mnyama mwerevu akiumia mahali mara moja, hupakumbuka.

Kuna wanaouliza kwa nini dubu asipigwe risasi mambo yakaisha. Kwa grizzly, sheria ya shirikisho hairuhusu mwenye nyumba kumuua kwa sababu ya kuku. Kujitetea mtu anapokuwa hatarini ni shauri jingine. Lakini hata sheria ingeruhusu, gunia lingali pale na harufu ingali hewani, na dubu wa pili atapita njia ile ile. Jike la grizzly huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitano au sita, kisha mara moja tu kila baada ya miaka mitatu hivi. Jike mmoja akiuawa kwa ajili ya kuku sita, hasara hiyo huchukua miaka mingi kufidiwa, na hapo hesabu ya mwenye kuku hainiingii akilini kabisa. Wengine hutaka dubu ahamishwe. Dubu wazima hurudi walikotoka hata kutoka mbali sana, na yule aliyekwisha zoea kuku huipeleka tabia yake kwenye ua wa mtu mwingine, hadi maofisa walazimike kumuua. Mbwa ana msaada wake wa kubweka, ila asiachwe peke yake kukabiliana na mnyama huyu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la gharama na la watoto. Pigo la uzio linauma, nami siwezi kulifanya dogo, lakini mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hutoa pigo la sehemu ndogo mno ya sekunde ambalo kwa kawaida halimdhuru mtu mzima wa afya. Hatari ya kweli ni kuunganisha waya moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba, jambo ambalo huua na halipaswi kufanywa kamwe. Watoto waonywe na vibao vibandikwe. Kuhusu fedha, shirika la Defenders of Wildlife limekuwa likirejesha nusu ya gharama ya uzio, hadi dola 500, kwa wakazi wa maeneo ya grizzly, na maofisa wa jimbo hushauri namna ya kuufunga. Wanaosema hawajawahi kuona dubu mtaani kwao ndio hasa ninaowasihi wafunge mapema. Dubu ambaye hajaonja chakula hukutana na waya kwa pua, akarudi. Aliyekwisha kula ndani ya ua huo mara moja aweza kuuvamia kwa mbio, na kifua chenye manyoya kikatangulia. Madume huanza kutoka mapangoni mwezi Machi, majike wenye watoto hufuata baadaye, na wengi hawarudi kulala hadi Novemba au Desemba. Kwa hiyo mashine iwashwe theluji inapoanza kuyeyuka, na vifaranga waletwe baada ya kipimo kuonyesha kwamba umeme unapita.