Kijana anakesha na kompyuta? Muulize wamemwambia arekebishe nini

BUHEMBA, wilayani Butiama, watu wanaijua kazi ya dhahabu: unachimba, unasaga, unaosha, na siku nyingine unarudi nyumbani mikono mitupu. Hata hivyo, mzazi wa huko akiona kijana wake anakesha mbele ya kompyuta mpakato, halafu asubuhi anasema kazi yake "imerudishwa", lazima aulize anapata nini. Ni swali la haki. Bando ni pesa.

Kazi yenyewe ni hii. Simu zote za Android zinategemea Linux, kiini cha mfumo kinachounganisha programu na kioo, betri na kamera. Linus Torvalds alikianzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa miaka 21 jijini Helsinki, Finland. Yeyote anaruhusiwa kukisoma, na akiona kosa anaruhusiwa kupendekeza marekebisho.

Kukubaliwa ni habari nyingine. Kijana anarekebisha jambo moja tu kwa wakati, hata kama ameona makosa kumi. Analijaribu, anaandika kwa nini linahitajika, anaweka jina lake kuthibitisha kwamba ana haki ya kuitoa kazi hiyo, kisha anawatumia wasimamizi wa sehemu husika kwa barua pepe. Hapo anasubiri. Mwongozo unamtaka asiwakumbushe kabla ya wiki moja kupita.

Majibu huja hadharani, na hayabembelezi: maelezo hayaeleweki, mstari huu umekaa vibaya, hapa utaharibu kitu kingine. Anarekebisha, anatuma toleo la pili, la tatu, pengine la tano. Mainjinia wa kampuni kubwa nao hurudishiwa vilevile. Lakini mtoto aliyezoea tiki na mkasi kwenye daftari huumia sana, na wengi huachia hapo. Mzazi anayeuliza "wamekwambia urekebishe nini?" humsaidia kuliko yule wa "umeshindwa tena?"

Yakikubaliwa, marekebisho huingia kwenye toleo jipya, ambalo hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi hivi. Jina la kijana hubaki kwenye kumbukumbu, na mwajiri yeyote anaweza kulitafuta.

Halipwi kwa hayo. Ila upo mpango uitwao Outreachy, unaopokea wenye miaka 18 na zaidi kwa mafunzo ya miezi mitatu wakiwa nyumbani, kwa posho ya dola 7,000 za Marekani. Vijana wa Kenya wamepita humo. Mwombaji hutakiwa kwanza aonyeshe kazi aliyochangia kwenye mradi anaoutaka. Hakuna ada, anayedai pesa ili marekebisho ya mtoto "yapitishwe" ni tapeli.

Kuhusu bando: Linux pamoja na historia yake yote ni gigabaiti kadhaa. Mwambie apakue toleo la sasa pekee, bila historia. Ni dogo zaidi, na kwa kuanzia linatosha.