Kichuguu Chamshinda Fundi

Saa nane mchana Ishiara, Kaunti ya Embu, nyumba ya mabati ni jiko. Watu hutoka wakakaa chini ya mwembe. Anayesomea mtihani hufunga kitabu. Usiku joto bado limo, usingizi hauji, asubuhi kila mtu ana hasira za bure.

Nyuma ya nyumba kuna kichuguu. Udongo wake mnene na vijia vyake huwapitishia mchwa hewa. Mick Pearce aliiga hayo Harare, kwenye jengo la Eastgate, 1996: hewa ya usiku hupoza zege, bila viyoyozi vya kawaida.

Wazee wa Meru na Embu walijenga kwa udongo na nyasi. Sisi tukaona ushamba! Ukijenga keja yako, acha matundu juu ukutani, weka dari, na ule mwembe usiukate.