Sharti na Sifa: Mafunzo Kutokana na Maombi ya Ufadhili ya Wanafunzi Warefu

Utangulizi

Miongoni mwa mada za Kiswahili ambazo mwalimu mwanachuo hukabidhiwa wakati wa mazoezi ya kufundisha, uandishi wa barua ya maombi ni moja ya zile ambazo aghalabu hufundishwa kwa ukavu. Wanafunzi hunakili kutoka ubaoni anwani mbili, tarehe, kichwa cha barua na mahali pa sahihi. Kisha hujaza katikati maneno yale yale, kwamba wao ni watiifu, wana bidii na wanaomba wafikiriwe. Umbo la barua hujulikana, lakini kazi ya barua haijulikani.

Makala haya yanakusudia kuieleza kazi hiyo kwa mfano mmoja usio wa kawaida, nao ni maombi ya ufadhili wa masomo yanayopelekwa na wanafunzi warefu wanaomaliza shule za sekondari huko Marekani na Kanada. Mfano huu umechaguliwa kwa makusudi. Sharti lake kuu ni urefu wa mwili, jambo linaloonekana kwa macho na kupimika kwa sentimeta. Kwa hiyo ni rahisi kwa mwalimu kuona sharti linaweza kufanya nini, na haliwezi kufanya nini.

Ufadhili wenyewe

Mwaka 1938, Kae Sumner, mwanamke mrefu aliyekuwa mchoraji katika studio ya Walt Disney, aliandika katika gazeti la Los Angeles Times juu ya taabu zinazowapata watu warefu katika ulimwengu uliotengenezwa kwa vipimo vya watu wa wastani. Wasomaji warefu walimwitikia, wakakutana, na kikaanzishwa chama kilichoitwa California Tip Toppers. Vyama vingine vya namna hiyo vilifuata katika miji mbalimbali, navyo vikaungana chini ya jina la Tall Clubs International. Kipimo cha uanachama kilichowekwa ni futi 5 na inchi 10 kwa mwanamke, na futi 6 na inchi 2 kwa mwanamume.

Mfuko wa umoja huo umekuwa ukitoa ufadhili usiozidi dola 1,000 kwa mwanafunzi. Masharti yaliyotangazwa kwa miaka mingi ni haya: mwombaji afikie kipimo cha urefu, awe na umri chini ya miaka 21, awe anakaribia kuanza mwaka wa kwanza wa elimu ya juu, na maombi yake yapitie chama cha eneo analoishi. Pamoja na hayo, huandika insha fupi ya kueleza urefu una maana gani katika maisha yake.

Pengine msomaji atacheka na kuuliza, je, urefu nao ni jambo la kupewa fedha? Swali hilo lina jibu. Katika nchi hizo, mbali na misaada ya serikali na vyuo, kuna mifuko mingi ya watu binafsi, na kila mfuko huwalenga wale ambao wenye mfuko wanawajali. Chama cha Little People of America, cha watu wenye kimo kifupi sana, nacho hutoa ufadhili kwa wanafunzi. Mwenye kutoa chake huamua ampe nani. Kazi ya mwombaji ni kuelewa uamuzi huo kabla hajashika kalamu.

Sharti si sifa

Tuchukue mfano wa kubuni. Waombaji 40 wamepeleka maombi, na fedha zinatosha wanne tu. Wote 40 wamefikia kipimo. Je, urefu utamsaidia mpokeaji wa maombi kuwachagua wanne hao? La, hasha. Urefu umekwisha kufanya kazi yake mlangoni. Umewaingiza hao na kuwazuia wengine. Mwombaji anayejaza insha yake kwa kusema kwamba yeye ni mrefu kuliko wenzake wote hajaongeza neno lolote ambalo fomu yake haijalisema.

Hapa ndipo penye tofauti ambayo mwalimu hana budi kuifahamu na kuifundisha. Sharti ni jambo ambalo mtu akilikosa hutolewa, lakini akiwa nalo hajachaguliwa bado. Sifa ni jambo linalomtofautisha yeye na wengine waliotimiza sharti lile lile. Sharti huthibitishwa kwa cheti, kipimo au saini. Sifa huonyeshwa kwa maelezo. Barua nyingi za wanafunzi wetu hushindwa kwa sababu mbili hizi huchanganywa: mwanafunzi hutumia aya nzima kurudia sharti, halafu akakosa nafasi ya kusema sifa. Kinyume chake hutokea pia. Mwanafunzi mwenye sifa nzuri husahau kuambatisha uthibitisho, na barua yake huwekwa kando kabla haijasomwa.

Kosa kama hilo la fikra huonekana katika mchezo wa mpira wa kikapu. Vijana wengi warefu wa Afrika Mashariki huambiwa kwamba kimo chao pekee kitawapeleka vyuo vya Marekani. Ni kweli kwamba Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, mwenye kimo cha meta 2.21, alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya NBA. Lakini ufadhili wa michezo hauna sharti la urefu hata kidogo. Hutolewa kwa mchezaji anayeweza kucheza, naye katika daraja la kwanza la michezo ya vyuo huko hutakiwa awe amesoma masomo ya msingi 16 ya sekondari na kupata alama za kutosha. Kijana aliyeacha vitabu kwa kutegemea kimo chake hudhani ana sifa, kumbe hana hata sharti.

Kupima na kuthibitisha

Kipimo kilichotangazwa kwa futi na inchi hakina budi kugeuzwa na mtu aliyezoea sentimeta. Inchi moja ni sentimeta 2.54. Futi 5 na inchi 10 ni inchi 70, yaani sentimeta 177.8. Futi 6 na inchi 2 ni inchi 74, yaani karibu sentimeta 188. Basi msichana mwenye sentimeta 177 hakufikia, na mwenye sentimeta 178 amefikia. Tofauti kati yao ni sentimeta moja tu, yaani karibu upana wa kalamu.

Kwa sababu hiyo namna ya kupima ina uzito. Anayepimwa avue viatu, visigino viguse ukuta, macho yatazame mbele, na juu ya kichwa uwekwe ubao mdogo au kitabu chenye jalada gumu, kikiwa kimelala kwa pembe mraba na ukuta. Zaidi ya hayo, mwili wa binadamu hupungua kimo kwa takribani sentimeta moja kati ya asubuhi na jioni, kwa kuwa visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo hugandamizwa mtu anapokuwa wima. Wanafunzi wakipimwa saa moja asubuhi na tena saa kumi jioni, watajionea wenyewe. Ni somo la sayansi, la hisabati na la uaminifu kwa pamoja.

Kuna kisa kinachosimuliwa mara nyingi juu ya Manute Bol, mchezaji wa kikapu kutoka Sudan, ambaye kimo chake kilikuwa futi 7 na inchi 7, yaani karibu sentimeta 231. Inasemekana kwamba hati yake ya kusafiria ilionyesha futi 5 na inchi 2. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba maofisa walimpima akiwa ameketi. Kisa hiki kitawachekesha wanafunzi, na mwalimu asiwazuie kucheka. Halafu awaulize: Mtu akiyapata maombi yenye vipimo viwili visivyopatana, ataamini kipi? Je, yumkini ataamini chochote kingine katika maombi hayo?

Kujieleza kwa ushahidi

Baada ya sharti kuthibitishwa, hubaki insha. Linganisha vipande hivi viwili, vilivyotungwa kwa ajili ya makala haya.

Cha kwanza: "Mimi ni msichana mrefu. Ninajivunia urefu wangu kwa sababu ni zawadi kutoka kwa Mungu. Urefu umenifundisha kujiamini na kuwa na bidii katika masomo."

Cha pili: "Tangu nikiwa na miaka tisa nilikuwa nikiketishwa dawati la nyuma, nisiwazibe wenzangu. Macho yangu hayakuwa yakiona vema ubaoni, lakini hakuna aliyeuliza. Nilijifunza kusikiliza kwa makini kuliko waliokuwa mbele, na jioni nilikuwa nikinakili kutoka daftari la rafiki yangu."

Kipande cha kwanza kingeweza kuandikwa na msichana yeyote mrefu, na kwa kubadili neno moja kingeandikwa na msichana mfupi. Cha pili kina mtu ndani yake. Hakisemi kwamba mwandishi ana bidii. Kinaonyesha jambo alilofanya, na msomaji anatoa uamuzi mwenyewe. Mwalimu awafundishe wanafunzi kulihoji kila neno la sifa walilojipa: "Ulifanya nini, lini, wapi?" Neno lisilopata jibu lifutwe.

Mtoto mrefu darasani

Kipande hicho cha pili kimetungwa, lakini hali inayosimuliwa si ya kutunga. Katika miaka ambayo vyeti vya kuzaliwa vilikuwa haba, walimu katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki walimwandikisha mtoto darasa la kwanza kwa kumwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Aliyeshika alionekana amefikia umri. Asiyeshika alirudishwa nyumbani. Mtoto wa miaka mitano mwenye mikono mirefu aliingia, na wa miaka minane mwenye mikono mifupi akangoja.

Kipimo hicho kimepitwa na wakati, lakini mawazo yake yangalipo vichwani mwetu. Katika madarasa ninayoyatembelea kukagua mazoezi ya kufundisha, naona mtoto mrefu akidhaniwa kuwa mkubwa. Akikosea huambiwa, "Mtu mzima kama wewe!" Hutumwa kubeba madawati wakati wenzake wanasoma. Akilia huchekwa. Wasichana wengi huanza kurefuka haraka karibu miaka miwili kabla ya wavulana. Kwa hiyo katika darasa la tano au la sita msichana wa miaka 11 aweza kuwapita wavulana wote, akaanza kutembea ameinama ili asionekane, na kuacha kunyosha mkono ili asiitwe mbele.

Mwalimu asome umri katika daftari la mahudhurio, wala si katika kimo. Mtoto mrefu anayelazimika kukaa nyuma apimwe kama anaona ubaoni, au safu zipangwe ili akae mbele upande wa ukutani, mahali asipomzibia mtu. Kazi za mikono zigawanywe kwa zamu. Na neno la kumdhihaki mtoto kwa umbo lake lisitoke kinywani mwa mwalimu, maana likitoka kwake darasa zima hupata ruhusa ya kulirudia.

Pendekezo la somo

Somo hili lafaa darasa la sita, kwa vipindi viwili. Mwalimu asitumie tangazo la warefu, kwa kuwa litawaaibisha baadhi ya watoto. Atumie tangazo alilolitunga mwenyewe kwa mazingira ya shule. Kwa mfano: "Shule itaazimisha baiskeli 3 kwa wanafunzi. Mwombaji awe anaishi zaidi ya kilomita 4 kutoka shuleni. Aambatishe saini ya mwenyekiti wa kitongoji. Aeleze, kwa ukurasa mmoja, umbali huo unaathiri vipi masomo yake. Maombi yafike kabla ya Ijumaa saa sita mchana." Hatua zake ni hizi:

1. Wanafunzi wasome tangazo kimya, kisha wapige mstari chini ya kila sharti. Wahesabu ni mangapi.
2. Katika vikundi, wachore jedwali lenye safu mbili: "Yanayothibitishwa" na "Yanayoelezwa". Waweke kila jambo mahali pake.
3. Mwalimu asome barua mbili alizoziandaa, moja yenye maneno matupu na nyingine yenye ushahidi. Wanafunzi waseme wangempa nani baiskeli, na kwa nini.
4. Kila mwanafunzi aandike barua yake, akizingatia umbo rasmi alilokwisha kufundishwa.
5. Wabadilishane barua. Msomaji aweke alama ya kuuliza pembeni mwa kila sifa isiyo na ushahidi, na mwandishi arekebishe.

Katika kusahihisha, mwalimu atoe alama kwa mambo matatu: umbo, utimilifu wa masharti, na uzito wa maelezo. Ikiwa alama zote zitatolewa kwa umbo, wanafunzi watajifunza umbo tu.

Hitimisho

Wengi wa watoto tunaowafundisha hawataomba ufadhili wa warefu wa Marekani. Lakini wataomba nafasi za vyuo, mikopo ya vikundi, kazi, viwanja na matibabu, na kila mara watakutana na orodha ya masharti na nafasi finyu ya kujieleza. Asiyejua kuisoma orodha hiyo atakosa haki yake hata kama anastahili. Basi, mwalimu mwanachuo, unapoandika andalio la somo la barua ya maombi, jiulize kwanza: Je, mwanafunzi wangu akimaliza kipindi hiki ataweza kutaja ni lipi linalomfikisha mlangoni, na ni lipi litakalomfanya achaguliwe? Ukiona hataweza, rudia andalio lako kabla hujaingia darasani.